Mbweha wa Brazili na Kichuguu cha Mama Yangu

Sanduku la vitabu vya msaada lilifika shuleni kwa mwanangu mwezi wa kumi, na mpaka leo natamani kumwona aliyelifunga huko lilikotoka nimuulize alikuwa anawaza nini. Darasa la pili wanakaa wanne wanne kwenye dawati la wawili, wa pembeni nusu kiuno hewani. Choo cha walimu hakina paa. Lakini vitabu vya wanyama wa nchi za watu tukaletewa, vina picha za kung'aa, kama vile sisi wa Mfaranyaki, huku Ruvuma, tulikuwa tunamsumbua Mungu kila asubuhi atupe habari za nyangumi.

Mwalimu wa darasa, dada mpole aliyehamishiwa huku kutoka Kaskazini, akagawa kitabu kimoja kwa kila mtoto. Kipelekwe nyumbani, mzazi asome, atie sahihi, na siku ya kikao cha wazazi mtoto asimame aeleze tabia za mnyama wake. Mtoto wa jirani akapata dubu. Wangu akaja na mbweha.

"Mama, huyu si ndiye aliyekula kuku wa bibi?"

"Huyu ni mwingine. Wa Brazili."

"Wa Brazili hawali kuku?"

"Sijui, hatujasoma."

Basi nikasoma. Kiingereza changu ni cha kidato cha nne, cha kupita kwa mbinde, lakini kinatosha kwa mbweha. Mkono mmoja nimeshika kitabu, mwingine nimemshika mdogo wake anayenyonya, alikuwa na miezi mitano. Binti yangu ameegemea bega langu, sufuria ya maharage inachemka, na baba yao hayupo. Hilo la mwisho mlizingatie.

Kitabu kilimwita mbweha mwenye mvi, kwa sababu manyoya yake ni ya kijivu. Mdogo kweli, uzito wake haufiki wa majogoo wawili walionona. Pua fupi, meno madogo, mkia una weusi kwa juu. Hana kichaka cha fahari wala shimo la kujichimbia. Mara nyingi anahamia kwenye shimo lililoachwa na mnyama fulani wa huko mwenye magamba kama kakakuona, anapanga humo bila kumlipa mtu. Na chakula chake kikubwa, sikilizeni, ni mchwa. Havunji kichuguu. Anangoja giza liingie, mchwa watoke wenyewe kukata majani, anasimama, anasikiliza kwa masikio yake, kisha anawalamba mmoja mmoja kwa subira. Kuku ni nadra sana awaguse. Pamoja na hayo, wenye mashamba wa huko wanamuua kwa kosa la kuku, mbwa wao wanamkimbiza, magari yanamkanyaga, na mbuga yake inalimwa soya. Nikasema huyu ni mtu wa Ruvuma kabisa, basi tu alizaliwa mbali.

Kisha tukafungua ukurasa wenye picha ya shimo, na mbele yake mbweha mmoja amekaa wima kama mlinzi, vichwa vinne vidogo vikichungulia nyuma yake. Nikasoma. Nikarudia. Nikamwambia binti yangu ngoja kwanza, nikapunguza moto wa maharage, nikasoma mara ya tatu.

Yule aliyekaa mlangoni ni baba.

Kitabu kilisema mama mbweha akitoka kwenda kula mchwa, baba anabaki na watoto. Anacheza nao, anawalinda, akija mnyama mkubwa kuliko yeye anamtolea meno, hivyo vimeno vyake vya mchwa. Hata watoto wakishaacha kunyonya, yeye ndiye anakaa nao zaidi.

"Mama mbona umenyamaza?" binti yangu akauliza.

"Natafsiri," nikamwambia.

Sasa niwaambie habari za baba yao, nisije nikaonekana nimemwonea. Anafyatua matofali. Kiangazi chote simlaumu, anatoka alfajiri anarudi na udongo mpaka kwenye kope, anakula, analala kama gogo. Lakini mvua ikianza, tofali halikauki, kazi imekwisha mpaka masika yaishe. Hapo ndipo anapohamia kijiweni pale kwenye duka la vocha, kwenye benchi, na ubao wa drafti na vizibo vya soda. Anacheza drafti kuanzia saa tatu mpaka jua linazama, kwa bidii ambayo angekuwa anaiweka kwenye ndoa watu wa mbali wangekuwa wanakuja kutupiga picha. Mimi nakaanga vitumbua mvua na jua, mtoto mgongoni, mafuta ya moto mbele.

Na mvua inapoanza, mimi nina kichuguu.

Kipo kijijini kwetu, nyuma ya mihogo ya mjomba, mwendo wa nusu saa kwa bodaboda ukimpata dereva anayeogopa mashimo. Ni kichuguu cha kumbikumbi, kirefu kunizidi. Kilikuwa cha bibi, bibi akampa mama, na mama kabla hajafariki aliniita nikakaa kando ya kitanda, akanipa vitu viwili: ufunguo wa kabati lake na kichuguu. Kabati limeliwa na mchwa. Kichuguu kipo.

Kwa ukoo wetu kichuguu kina mwenyewe, lakini mwenyewe lazima aonekane. Ukikosa kuvuna mvua za kwanza za miaka miwili mfululizo, umekiacha, anakichukua atakayekaa. Mwaka uliotangulia nilikosa. Mimba ya huyu mdogo ilikuwa changa, harufu ya udongo uliolowa ikinifikia tu natapika mpaka naona nyota. Kwa hiyo mwaka huu ndio ulikuwa wa mwisho, na mke wa mjomba alikuwa anajua kuhesabu miaka kuliko mtu yeyote niliyesoma naye.

Nikamwambia baba watoto mapema, mvua haijanukia hata.

"Siku ya kumbikumbi utabaki na mtoto."

Akacheka kwanza. Alidhani ni utani.

"Mtoto ananyonya. Mimi nina ziwa?"

"Nitakamua, nitaacha kwenye kikombe. Utamnywesha kwa kijiko."

"Mwanaume nikae na mtoto mchanga mchana kutwa, watu wataniona vipi?"

"Watakuona umekaa na mtoto."

"Mchukue uende naye."

"Kwenye kichuguu? Moshi, kumbikumbi wanamwingia puani, mikono yangu yote ipo kwenye shimo?"

Nikamfungulia kitabu, nikamwonyesha picha, nikamsomea kwa Kiswahili neno kwa neno. Akasema, "Kwa hiyo mama watoto unanilinganisha na mnyama."

"Hapana. Mnyama amekupita."

Akaenda kushtaki kwa mama yake. Mama mkwe anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, na habari humfikia kabla hazijatokea. Akaja jioni, nikampigia shikamoo, akaitikia akiwa ameshakaa.

"Mwanangu," akasema, "mtoto wa kiume akizoea kubeba mtoto mgongo unamlegea. Hafai tena kwa kazi nzito."

Kazi nzito ipi, mama, ya kusukuma vizibo? Nilijibu hivyo moyoni. Kwetu mama mkwe hujibiwa moyoni. Mdomoni nilisema, "Nimekusikia, mama," nikamletea chai.

Kikao cha wazazi kikafika. Kwa kawaida akina baba hawaonekani shuleni mpaka mtoto avunje kioo, lakini ajenda ilikuwa kile choo cha walimu, na wafyatua matofali waliitwa kwa jina la kazi yao. Kwa hiyo alikuwepo, amekaa nyuma na wenzake wa kijiweni, shati limepigwa pasi. Nilipiga mimi.

Watoto wakaanza kusimama. Wa jirani akasema dubu ana manyoya mengi, akasahau yaliyobaki, akalia. Binti yangu akapanda, soksi zimevutwa mpaka magotini, mikono nyuma.

"Mbweha mwenye mvi anaishi Brazili. Mbweha mwenye mvi hula mchwa. Mama mbweha akienda kutafuta chakula, baba mbweha hubaki na watoto mlangoni. Anawalinda. Hachezi drafti. Asanteni."

Hilo la drafti, Mungu ni shahidi yangu, silo langu. Halikuwemo kitabuni na sikumfundisha. Lakini mtoto ana macho.

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Akina mama walipiga madawati kwa viganja. Mwenyekiti wa kamati alivua miwani akaifuta, na ilikuwa safi. Kutoka nyuma sauti ya kijiweni ikapaa, "Mbweha! Simama basi tukuone!" Na tangu siku hiyo jina likamkaa. Akipita dukani, mbweha. Akiagiza sigara, mpe mbweha.

Siku tatu hakuniongelesha. Ya nne akasema akiwa ameupa uso ukuta, "Umemfundisha mtoto anitukane mbele ya mwenyekiti."

"Nimemsomea kitabu cha shule, nikatia sahihi kama nilivyoambiwa. Kawashtaki Brazili."

Mvua kubwa ya kwanza ikashuka Alhamisi, ikanyesha usiku wote na Ijumaa mpaka mchana. Kichuguu chetu hutoa siku inayofuata, jua likirudi na ardhi ikianza kutoa mvuke. Jumamosi asubuhi nilichemsha kikombe na kijiko, nikakamua maziwa, nikafunika kwa sahani. Nikafunga ndoo, blanketi kuukuu na panga. Nikamkuta baba watoto anavaa viatu.

"Naenda kijiweni," akasema.

"Nenda naye," nikamwekea mtoto mikononi. Nikamchukua binti yangu, kwa sababu kichuguu hiki siku moja kitakuwa chake, tukapanda bodaboda. Nilijua anaweza kumpeleka mtoto kwa mama yake, na mama yake kunifuata naye kijijini na kunipasha mbele ya ukoo. Nilijua pia nisipoenda, nitapita pale mwakani kama mgeni.

Nikakuta mke wa mjomba ameshatandika. Amekata majani, amejenga fito zake juu ya matundu, blanketi lake limefunika kichuguu cha mama yangu kama kitanda chake mwenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kutusalimia?"

"Nimekuja kuvuna."

"Ah! Nilidhani watu wa mjini mnakula nyama. Mwaka jana hata kivuli chako hatukukiona."

"Mwaka jana nilikuwa natapika."

"Sisi wengine tunatapika huku tunavuna."

Mjomba akaja na kigoda chake. Yeye ndiye msemaji wa vichuguu vya ukoo, mtu mfupi wa maneno, huwa anatazama chini kama aliyepoteza kifungo. Akasema mwaka ni mmoja tu uliokosekana, kwa hiyo kichuguu bado changu. Mkewe akaguna. Mjomba akamalizia: "Lakini mwenye kichuguu hakai nusu. Unakaa kuanzia bawa la kwanza mpaka bawa la mwisho. Ukinyanyuka katikati ukaondoka, umeacha."

Mke wa mjomba akatoa blanketi lake taratibu, akalikunja vizuri, na hakwenda nalo nyumbani. Alikaa chini ya mpera, blanketi mapajani, ananitazama kama mtu anayengoja sufuria ichemke.

Nikajenga fito zangu. Nikafukia ndoo kwenye shimo hadi mdomo, nikafunika kichuguu chote nikaacha mwanya mmoja wenye mwanga juu ya ndoo, kumbikumbi wakifuata mwanga wanaingia. Binti yangu nikamwonyesha namna ya kuziba pembeni kwa udongo. Saa nane hivi bawa la kwanza likatoka, likatembea, likaanguka. Kisha kumi, kisha hawahesabiki, wanaunguruma ndani ya blanketi kama mvua ya mbali.

Simu ikalia. Sikusikia "halo", nilisikia kilio cha mwanangu, na nyuma yake sauti za wanaume: mshike kichwa, hapana mpigepige mgongo, mwimbie. Alikuwa kweli amekwenda naye kijiweni.

"Rudi," akasema baba watoto.

"Siwezi. Mpe maziwa."

"Amekataa kijiko. Amekataa kikombe. Amemtapikia mwenye duka."

"Nikinyanyuka nimekosa kichuguu."

"Kwa hiyo nifanyeje?"

Swali zuri. Miezi mitano nilikuwa najiuliza hilo hilo kila saa tisa usiku, na hakuna niliyempigia. Nikasema, "Wewe ni mtu mzima," nikakata.

Naomba nisidanganye hapa. Nilikata simu nikalia. Kilio cha mtoto kikisikika tu, maziwa huja yenyewe. Blauzi yangu ililowa mpaka kiunoni. Mke wa mjomba aliona. Akasema kwa sauti ya huruma, ile huruma yenye meno, "Nenda kwa mwanao, mama. Kumbikumbi ni wadudu tu. Mtoto ni mtoto." Na akanyanyua blanketi lake kidogo kutoka mapajani. Mkono wangu ulikuwa ndani ya ndoo. Niliung'ang'aniza humo humo.

Sijui muda gani ulipita. Nilisikia kwanza kicheko cha watoto wa kijiji njiani, kisha kengele ya baiskeli. Akatokea kwenye mihogo. Amevaa lile shati la kikao. Mgongoni mtoto amefungwa kwa kitenge changu cha kanisani, kimefungwa kama mtu anavyofunga gunia la mkaa, mafundo mawili kifuani na mguu mmoja wa mtoto umechomoza kwapani. Alikuwa ameendesha baiskeli ya mwenye duka, tope mpaka usoni. Mtoto alikuwa ameacha kulia. Alikuwa anashangaa.

"Mchukue," akasema. "Mimi nimeshindwa."

Nikamchukua nikiwa nimekaa pale pale, goti limebana ukingo wa blanketi, nikamnyonyesha juu ya kichuguu cha mama yangu. Sikunyanyuka. Mjomba alitazama chini akitafuta kifungo chake.

Lakini mikono yangu ilikuwa na mtoto sasa, na harufu ilikuwa imeshawafikia kuku wa mke wa mjomba. Wakaja wote mbio, jogoo mbele, na mbwa wawili nyuma, kuelekea ndoo. Binti yangu akapiga kelele, "Baba, kaa mlangoni!"

Naye akakaa. Akachuchumaa mbele ya ule mwanya, ameipa ndoo mgongo, anarusha mikono, anapiga miguu chini, "Shuu! Toka! Nimesema toka!" Akamrushia jogoo kiatu. Mbwa mmoja akamkoromea, na yeye akamkoromea. Nimeishi na mtu huyu miaka minane, sijawahi kumwona akilinda kitu kwa namna ile isipokuwa kete za drafti. Mbweha amekuja kijijini, na kuku ndio wanaokimbizwa wasile.

Bawa la mwisho likaanguka jua limelala upande. Ndoo ilikuwa imejaa, inachemka. Mjomba akasimama na kigoda chake. "Amekaa," akasema. Basi. Kichuguu kikawa changu tena.

Ningependa kuishia hapo, lakini sikujaza karatasi hizi zote kwa ajili ya kufurahi.

Kwa sababu kilichofuata ni vigelegele. Wanawake wa jirani walikuwa wamejaa, na walipiga vigelegele, nami kwa ujinga nikajua ni vyangu, nikatabasamu. Vilikuwa vyake. "Jamani, mwanaume huyu! Kambeba mtoto mwenyewe! Kwa baiskeli! Kwenye tope!" Mmoja akanishika bega: "Dada, wewe una bahati. Ungempata wangu!" Na mke wa mjomba, yule yule, akamkamata yule jogoo, akamfunga miguu, akampa baba watoto zawadi. Mbweha akakabidhiwa jogoo kwa mikono miwili, watu wakapiga makofi. Mimi nikaachiwa ndoo nibebe.

Kijiweni aliisimulia wiki nzima, na kila siku tope liliongezeka kina na mbwa wakaongezeka idadi. Jina halikuwa tusi tena, akaanza kulijibu. Mama mkwe akawaambia watu mgongo wa mwanawe haujawahi kuwa imara kama sasa, maana alimlea vizuri. Kwenye jumuiya, siku ya kusali nyumbani kwa jirani, kiongozi akamtaja kuwa baba wa mfano, akamsimamisha. Alibeba mtoto mchana mmoja. Nilikuwa mlangoni wakati huo, mtoto mgongoni, mwingine mkononi, nimeshika sahani ya kumbikumbi wa kukaanga ambao kila mtu alisema ni watamu sana, hongera baba.

Kitabu kilirudishwa kabla ya shule kufungwa. Ukurasa wa mwisho mwalimu alikuwa amebandika karatasi: mzazi umejifunza nini? Akina mama wenzangu waliandika wamejifunza kuhifadhi mazingira. Mimi niliandika: Nimepekua kitabu chote na sikuona mahali ambapo mbweha jike anaambiwa ana bahati. Nikatia sahihi.

Wiki iliyofuata ikashuka mvua ya pili. Kichuguu kikipumzika hutoa tena. Sikuomba wala sikufungua kitabu. Nilifunga ndoo na blanketi, nikapita kijiweni mchana kweupe, wote wapo. Nikamshusha mtoto mgongoni, nikamweka katikati ya ubao wa drafti. Vizibo vikamwagika mpaka barabarani.

"Shemeji!" mmoja akalalamika. "Mbweha alikuwa anashinda!"

"Ataendelea kushinda. Kikombe kipo kwenye kikapu, na mara hii kijiko nimeweka kidogo."

Baba watoto akamtazama mtoto, mtoto akamtazama, akashika kizibo kimoja akakipeleka mdomoni. Baba akamnyang'anya haraka. Haraka sana, niliona.

Nilikuwa nimeshapanda bodaboda.

"Mama watoto!" akaniita. "Utarudi saa ngapi?"

"Likianguka bawa la mwisho," nikamwambia, na sikugeuka.